Herufi 81 za Kifua Kikuu

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta habari za simu mpya, mifumo ya malipo na lugha za kuandikia programu. Leo nitawatoa nje ya mji kidogo. Twende tukamwangalie mdudu. Sisemi wa programu, yule tunayemwinda usiku kucha na kikombe cha kahawa mkononi. Huyu ni wa kweli, anakaa mapafuni mwa watu: bakteria wa kifua kikuu.

Usifunge ukurasa bado! Kuna programu humu ndani, tena fupi sana, na unaweza kuiendesha jioni hii hii kwenye kompyuta yako hata kama biolojia uliiaga shule ya upili kama nilivyoiaga mimi.

Habari yenyewe ilianza hivi. Nina rafiki anayesomea shahada ya uzamili katika baiokemia. Akaniomba nimsaidie kupanga data. Mimi nilisomea sayansi ya kompyuta, na mkate wangu wa kila siku unatokana na kuandika programu za kupokea malipo kwa simu. Nikamuuliza anatafuta nini hasa. Akasema anatafuta protini zilizo kwenye utando wa bakteria wa TB, ambazo siku moja dawa inaweza kuzishika na kumuua bakteria. "Wewe nisaidie kuchambua tu," akaniambia. "Biolojia niachie mimi."

Sikumwachia. Wikendi nne sasa zimekwenda na bado nasoma.

KWA NINI UTANDO?

Kwanza tumjue adui. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alitangaza kwamba amempata bakteria anayesababisha kifua kikuu. Ndiyo maana Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa kila tarehe 24 Machi. Zaidi ya miaka 140 imepita na mdudu bado yupo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua TB na watu milioni 1.25 wakafa. Na huu ni ugonjwa ambao una dawa!

Ugumu wake uko wapi? Bakteria wa tumboni, yule E. coli, akishiba hujigawa kila baada ya dakika 20. Huyu wa TB huchukua karibu siku nzima kujigawa mara moja. Halafu amejifunika: nje ya utando wake kuna tabaka nene la nta linalozuia dawa nyingi kupenya. Na juu ya hayo anajua kulala. Anaweza kukaa mapafuni bila kukua, akisubiri kinga ya mwili ishuke.

Hapo ndipo dawa nyingi hushindwa. Dawa nyingi humpiga bakteria akiwa kazini, anapojenga ukuta au anaponakili jeni zake. Aliyelala hajengi wala hanakili, kwa hiyo dawa inampita kama askari anayempita mtu aliyejifunika blanketi. Hii ni sababu moja kubwa ya matibabu ya kawaida kuchukua miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Lazima umngoje aamke.

Sasa tuseme kwa lugha yetu ya kompyuta. Seli ni seva. Utando ni ukuta unaoizunguka seva hiyo. Protini za utando ndizo milango yake: huyu anaingiza chakula, yule anatoa taka, mwingine anatengeneza nguvu, mwingine anapeleka nje vifaa vya kujengea lile tabaka la nta. Ukiziba mlango muhimu, seva inakufa. Na dawa inayolenga mlango haihitaji kusafiri hadi katikati ya seli.

Lakini milango hii inasumbua sana maabara. Protini ya utando imezoea kukaa ndani ya mafuta. Ukiitoa na kuitia kwenye maji, inagandana madonge kama ugali uliosongwa na mtu mwenye haraka. Umbo la kwanza la protini ya namna hii kuonekana hadi kiwango cha atomu lilichapishwa mwaka 1985, na Johann Deisenhofer, Robert Huber na Hartmut Michel wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988 kwa kazi hiyo.

JENOMU NI FAILI TU

Mwaka 1998 Stewart Cole na wenzake walichapisha katika jarida la Nature jenomu nzima ya bakteria wa TB, aina iitwayo H37Rv. Ina herufi 4,411,529 na jeni zipatazo 4,000. Nilipoipakua, nilicheka peke yangu. Adui aliyetutesa miaka yote hii ni faili la megabaiti 4 na ushei, ukubwa wa wimbo mmoja wa mp3! Na ni bure. Huhitaji kibali wala kadi ya benki.

Kila jeni inayotengeneza protini unaweza kuigeuza kuwa mfuatano wa herufi. Alfabeti ya protini ina herufi 20, na kila herufi ni kijenzi kimoja kiitwacho asidi amino. Baadhi ya vijenzi hivi hupenda maji na vingine huyakimbia. Vinavyoyakimbia maji ndivyo hupenda kukaa ndani ya utando, kwa sababu katikati ya utando ni mafuta matupu.

Mwaka 1982 Jack Kyte na Russell Doolittle walitoa jedwali la alama: kila herufi na kiasi chake cha kuyakimbia maji. I ina 4.5, V ina 4.2, L ina 3.8. Upande wa pili, R ina -4.5, K ina -3.9, D na E zina -3.5 kila moja. Nyingine ziko katikati.

Kuvuka utando kutoka upande mmoja hadi mwingine kunahitaji kipande cha herufi kama 19 hivi zilizojisokota. Basi kazi inakuwa rahisi. Chukua dirisha la herufi 19, lisogeze herufi moja moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mahali piga wastani. Wastani ukipita 1.6, hapo pana dalili kwamba protini inapenya utando. Hii hapa, kwa Python:

dirisha = 19
for i in range(len(mfuatano) - dirisha + 1):
    kipande = mfuatano[i:i + dirisha]
    wastani = sum(alama[h] for h in kipande) / dirisha
    print(i + 1, round(wastani, 2))

Kinachobaki ni kuandika jedwali la alama na kubandika mfuatano wako. Siku hizi kuna programu zenye akili zaidi, kama TMHMM ya mwaka 2001 inayotumia modeli ya Markov. Lakini nakushauri uanze na hii ya kienyeji, kwa sababu unaiona ikifikiri.

Nilianza na protini ndogo iitwayo AtpE. Ina herufi 81 tu. Hizi hapa zote:

MDPTIAAGALIGGGLIMAGGAIGAGIGDGVAGNALISGVARQPEAQGRLFTPFFITVGLVEAAYFINLAFMALFVFATPVK

Madirisha yanatoka 63. Ukiyachora, unapata vilima viwili na bonde katikati. Kilima cha kwanza kinafika kilele kwenye dirisha la herufi ya 5 hadi ya 23, wastani 1.77. Kisha inashuka hadi chini kidogo ya sifuri, pale kwenye kipande cha RQPEAQGR kinachopenda maji. Halafu inapanda tena hadi 2.01 kwenye dirisha la herufi ya 59 hadi ya 77. Maana yake: protini inapenya utando, inajikunja upande wa pili, kisha inarudi. Umbo lililopigwa picha maabara linasema hivyo hivyo, misokoto miwili iliyosimama sambamba kama pini ya nywele.

Mistari michache ya msimbo, jedwali la mwaka 1982, na ukapata umbo la kitu ambacho macho yako hayawezi kukiona. Niambie kama hiyo haipendezi.

HERUFI YA 61

Sasa hebu rudi uhesabu. Ndani ya kile kilima cha pili, herufi ya 61 ni E. Alama yake ni -3.5. Iko katikati ya mafuta, imezungukwa na V, L, A na F, na yenyewe ni mpenda maji wa kutupwa. Wastani umeifunika kabisa. Ukiangalia grafu tu, huioni.

Kwa nini bakteria aweke herufi ya namna hiyo mahali pabaya hivyo? Kwa sababu hapo ndipo kazi inapofanyika.

AtpE ni kipande cha mtambo wa umeme wa seli, kimeng'enya kinachotengeneza ATP, ile nguvu ambayo kila kitu ndani ya seli hulipwa kwayo. Fikiria mabwawa yetu ya mto Tana, Gitaru au Kiambere. Maji yamelundikana upande mmoja, yanapita kwenye njia nyembamba, yanazungusha mtambo, umeme unatoka. Bakteria hufanya vivyo hivyo kwa protoni. Anazirundika upande wa nje wa utando, kisha anaziacha zirudi ndani kupitia gurudumu. Gurudumu hilo limeundwa kwa nakala 9 za AtpE zilizopangwa duara. Kila protoni inayoingia hujishikiza kwenye E ya nafasi ya 61, gurudumu linasogea hatua moja, inayofuata inaingia. Protoni 9, mzunguko mmoja, ATP 3.

Kwa hiyo ile E ni ndoano. Ukiiziba, gurudumu linasimama.

Na bakteria aliyelala je? Hajengi, hanakili, lakini lazima abaki na nguvu kidogo ya kumweka hai. Mtu akilala huzima taa na redio, lakini hazimi moyo. Gurudumu hili ndilo moyo wenyewe. Ndiyo maana dawa inayolishika inaweza kumuua hata aliyejifunika blanketi.

Dawa hiyo ipo. Inaitwa bedakwilini, na inajipachika kwenye gurudumu pale pale kwenye herufi ya 61. Mwaka 2021 picha za kina za hadubini ya elektroni za dawa ikiwa imekaa kwenye mtambo huo, zilizopigwa kwa bakteria jamaa wa yule wa TB, zilichapishwa katika Nature.

WALIIPATAJE? KWA DIFF!

Nilidhani, kama mpanga programu yeyote angedhani, kwamba watu walianza na orodha ya protini, wakachagua AtpE, kisha wakatafuta dawa ya kuiziba. Sivyo ilivyokuwa.

Koen Andries na wenzake, katika kampuni ya Johnson & Johnson, walichukua kemikali nyingi na kuzijaribu moja moja juu ya bakteria hai, yule jamaa asiyesababisha TB, aitwaye M. smegmatis, anayekua haraka. Walitaka kujua kitu kimoja tu: anakufa au hafi? Wakapata kemikali inayoua vizuri, lakini hawakujua inapiga wapi.

Basi wakawachukua bakteria wachache waliokataa kufa. Wakasoma karibu jenomu nzima ya hao wakaidi, wakailinganisha na jenomu ya wazazi wao waliokuwa wakifa. Ni nini kimebadilika? Wewe unayetumia diff kila siku unajua ninachosema. Toleo la jana linafanya kazi, la leo halifanyi, nionyeshe mistari iliyobadilika. Jeni pekee iliyokuwa imeguswa kwa wakaidi wote ilikuwa atpE. Kwa bakteria wa TB, herufi ya 63 ilikuwa imetoka A ikawa P. Herufi mbili tu kutoka kwenye ndoano! Matokeo yakachapishwa katika Science mwaka 2005.

Kwa maneno mengine, bakteria mwenyewe ndiye aliyewaonyesha mlango.

Jambo hili limebadilisha namna ninavyomsaidia rafiki yangu. Mpango wetu ulikuwa na machujio matatu. La kwanza, je, protini iko kwenye utando? La pili, je, bakteria anaweza kuishi bila hiyo? Hili lina data nzuri, maana tangu mwaka 2003 watafiti wamekuwa wakiharibu jeni za bakteria huyu moja baada ya nyingine na kuona zipi hawezi kuzikosa. La tatu, je, binadamu anayo protini inayofanana nayo? Kama anayo, itupe, tusije tukamuua mgonjwa pamoja na ugonjwa.

Ni machujio ya busara. Lakini hebu ipitishe AtpE. Chujio la kwanza inapita. La pili inapita. La tatu... binadamu naye ana mtambo wa ATP kwenye mitokondria za seli zake! Ukiweka chujio hilo kama kisu, unaitupa jalalani shabaha ya dawa mojawapo muhimu kabisa ya TB.

Wala si kwamba wasiwasi ule ni wa bure. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2009 vilionyesha kwamba mtambo wa binadamu unaihisi bedakwilini kwa kiasi kidogo zaidi ya mara 20,000 kuliko wa bakteria. Utafiti mwingine wa mwaka 2020 ukatilia shaka ukubwa wa tofauti hiyo. Madaktari pia hufuatilia mapigo ya moyo ya mgonjwa anayeitumia. Kwa hiyo swali la chujio la tatu ni halali, ila jibu lake haliwezi kuwa ndiyo au la tu. Tukakubaliana lisiwe kisu. Liwe alama, kila protini ipate pointi zake, na mwisho wa orodha asitupwe mtu bila kutazamwa na macho ya binadamu.

Huu ndio ujumbe wangu kwa wenzangu tunaopenda kuona kila tatizo kama orodha ya kuchuja. Wastani uliificha herufi ya 61. Kisu kingeitupa AtpE nzima. Kompyuta inakupa mahali pa kuanzia kutazama, lakini neno la mwisho ni la bakteria.

MASIKIO YA BINAMU

Mtaniuliza, mpanga programu wa malipo anahangaika na haya kwa nini? Nitawaambia.

Mwaka 2013 nikiwa kidato cha pili, binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliugua TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida. Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Matibabu ya wakati ule yalikuwa ya miezi 20, na kwa miezi 8 ya mwanzo alichomwa sindano ya kanamaisini. Aliamka, akaenda kliniki, akachomwa, akarudi. Hakuruka siku. Alipona. Mapafu yakawa safi, na sote tukamshukuru Mungu.

Lakini sindano ile ina tabia ya kuua vinywele vidogo vya ndani ya sikio, na vikifa havioti tena. Ilianza kama mlio wa nzi. Kisha akawa anamwomba kila mtu arudie alichosema. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa hasikii mlango ukigongwa. Leo anasoma midomo, na mambo marefu tunaandikiana kwa simu. Kazi yake bado anaifanya, na geti zake ni imara kuliko za wengi, ila lazima awe na kijana karibu wa kumshika bega mteja akija.

Bedakwilini ilipitishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani tarehe 28 Desemba 2012. Yeye alianza sindano miezi michache baadaye.

Nilipomwonyesha ile grafu ya vilima viwili na kumweleza dawa inakaa wapi, aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniandikia: "Kwa hivyo hiyo dawa ilikuwa tayari?" Nikamjibu kwamba ilikuwa imepitishwa Marekani, na kwamba kufika huku ni safari nyingine. Akaandika tena: "Na hii kazi yenu itachukua miaka mingapi?"

Sikuwa na hesabu ya kumpa. Nilimwambia tu kwamba kutoka chapisho la 2005 hadi kupitishwa ilikuwa miaka 7, na hiyo ni baada ya dawa kupatikana.

Kuna wengine waliopoteza masikio kama yeye na hawakunyamaza. Nandita Venkatesan wa India na Phumeza Tisile wa Afrika Kusini, wote wawili waliopona TB na kubaki bila kusikia kwa sababu ya matibabu, waliwasilisha pingamizi nchini India mwaka 2019 dhidi ya ombi la kurefusha hataza ya bedakwilini. Machi 2023 ofisi ya hataza ya India ikalikataa ombi hilo, na njia ikafunguka kwa watengenezaji wengine. Nilimtumia binamu habari ile. Akanijibu kwa neno moja: "Wanaume!" Nikamwambia ni wanawake. Akacheka mpaka kijana wake akaja kuuliza kuna nini.

Na mambo yamesogea. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza kanamaisini na kuipa kipaumbele bedakwilini. Mwaka 2020 matokeo ya jaribio la Nix-TB huko Afrika Kusini yalionyesha kwamba vidonge vya bedakwilini, pretomanidi na linezolidi kwa miezi 6 vilifanikiwa kwa asilimia 90 ya wagonjwa 109 waliokuwa na TB sugu kupindukia. Desemba 2022 miezi hiyo 6, dawa hizo tatu pamoja na moksifloksasini, ikaingia katika mwongozo wa dunia. Bila sindano.

MLANGO WA KUTOKEA

Sasa kwa nini tuendelee kutafuta, ikiwa dawa ipo? Kwa sababu mdudu naye anaandika msimbo wake.

Kwenye utando huo huo kuna pampu iitwayo MmpL5, inayosukuma vitu nje. Kwa kawaida bakteria huzitengeneza kwa kiasi, kwa sababu kuna protini nyingine, Rv0678, inayokaa juu ya jeni ya pampu kama askari wa zamu na kuizuia isisomwe ovyo. Mabadiliko yakimharibu askari, hakuna wa kuzuia. Pampu zinatengenezwa kwa wingi, na bedakwilini inasukumwa nje kabla haijafika kwenye gurudumu. AtpE haijaguswa hata herufi moja! Ni kama mtu ameuzima mstari mmoja wa ulinzi kwenye programu yako na vyote vingine vinaonekana sawa.

Kwa hiyo utando ni mlango wa kuingilia dawa, na ni mlango wa kuitolea pia. Anayetegemea shabaha moja amejenga nyumba ya nguzo moja.

Ndiyo maana kazi ya rafiki yangu na maelfu ya watafiti wengine ni muhimu. Kuna QcrB, sehemu ya mnyororo unaorundika zile protoni. Dawa ya majaribio iitwayo telasebeki huilenga. Kuna MmpL3, ndugu wa ile pampu, ambayo huvusha mafuta ya kujengea tabaka la nta. Mwaka 2019 watafiti nchini China walichapisha umbo la MmpL3 ya M. smegmatis: misokoto 12 ndani ya utando, na kemikali iitwayo SQ109 imekaa katikati yake ikizuia njia ya protoni. Tena protoni! Ukisoma vya kutosha unaanza kuona kwamba kwenye utando kila mlango una ndoano yake mahali fulani.

Na vifaa vya kutazamia vipo. Hifadhidata ya AlphaFold ilipofunguliwa mwaka 2021, bakteria wa TB alikuwa miongoni mwa viumbe vya kwanza kuwekwa humo, maumbo ya protini zake yakiwa yamekisiwa na kompyuta. Angalia tu kwamba utando wenyewe haukuchorwa pale. Hapo ndipo vile vilima viwili vya kienyeji vinakusaidia kujua kipi kiko ndani ya mafuta na kipi kiko nje.

Orodha yetu hivi sasa iko kwenye meza ya rafiki yangu, ikiwa imepangwa kwa pointi. Kumi za juu ataanza kuzisoma moja moja, herufi kwa herufi, akitafuta zile E na D zilizokaa mahali zisipopaswa kukaa. Binamu ameomba nakala. Alinitumia ujumbe jana kuuliza kama MmpL3 inaandikwa kwa L kubwa au ndogo, maana anataka kuichomelea kwenye geti la karakana yake.

Haya, nimewapa herufi 81 na mistari ya kuzichambua. Jedwali lote la Kyte na Doolittle linapatikana kwa urahisi mtandaoni, alama 20 tu. Endesha, chora vilima vyako, kisha itafute E ya 61 kwa macho yako mwenyewe. Ukimaliza, jaribu MmpL3. Hiyo ni ndefu, tayarisha chai.

Tuonane wiki ijayo. Nitarudi kwenye habari za simu, naahidi!